Yangeyange, mikongo na udongo wa makaburini: uchambuzi wa kisa kutoka bonde la Lukuledi

Kisa hiki kinahusu kipande cha msitu kisichozidi ekari tatu, kilicho juu ya kilima kidogo kando ya bonde la mto Lukuledi, mkoani Lindi. Msitu huo umesalia kwa sababu moja tu: ndani yake yamo makaburi ya zamani, na wazee hawajawahi kuruhusu shoka liingie humo. Umezungukwa na mashamba ya mikorosho, na chini bondeni yapo majaruba ya mpunga. Miti yake mikubwa ni mikongo, ambayo wengine huiita mibambakofi, pamoja na miyombo na mikwaju michache ya ukingoni. Jina la kijiji nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa mjadala wenyewe haujapoa.

Yangeyange walianza kutaga humo misimu sita iliyopita. Mwanzoni zilikuwa jozi chache kwenye mkwaju mmoja. Siku hizi, mvua zinaposhika, msitu hugeuka mweupe jioni utadhani mtu ameanika kanzu juu ya miti. Sababu za ndege hao kupachagua hapo si za kutafutwa mbali. Majaruba yana vyura na panzi. Ng'ombe wa wafugaji walioingia mkoani Lindi baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 huwaamsha wadudu kwenye majani, na yangeyange hufuata miguu ya ng'ombe. Zaidi ya hayo, hakuna mtoto anayethubutu kupanda mti wa makaburini kuokota mayai.

Ndege mmoja ana uzito usiofika nusu kilo, kwa hiyo mtu anaweza kujiuliza ni madhara gani kiumbe mdogo kiasi hicho anaweza kuutendea mti unaokumbatiwa na watu watatu. Hesabu yake iko hivi: jike hutaga mayai kati ya mawili na matano, wazazi hupokezana kuyaatamia kwa siku zipatazo 24, kisha makinda hukaa kiotani na kwenye matawi ya jirani kwa takriban mwezi mmoja kabla ya kuruka vizuri. Kila kiota, basi, ni choo cha familia nzima kwa karibu miezi miwili, na choo hicho kinamwagikia mahali palepale. Mti wenye viota thelathini una vyoo thelathini juu ya mizizi yake.

Malalamiko ya wanakijiji yalikuwa ya kweli. Mikongo saba ilikuwa imekauka kuanzia kileleni. Harufu ilichoma macho, na waliokwenda kuzika walirudi na madoa mabegani. Katika mkutano, vijana walitaka ndege wafukuzwe kwa madebe na moshi. Kamati ya mazingira ilitaka miti iliyokufa ikatwe ili mbao zisipotee bure. Na mzee msimamizi wa makaburi alisema ndege wale ni wageni wa marehemu, wasiguswe. Mimi, bwana shamba mstaafu, niliombwa nijibu swali moja: je, ni ndege kweli wanaoua miti?

Nilianza kazi vibaya. Kwa siku mbili nilitembea nikiwa nimeinua shingo, nikihesabu viota na matawi makavu. Siku ya tatu nilipita kwa bibi mmoja jirani wa msitu, aliyekuwa ameketi na ungo wake wa kunde. Aliipokea shikamoo yangu kisha akasema: "Marahaba, mwanangu. Nyie mnahesabu miti iliyokufa mwaka jana. Mimi uyoga wangu uliondoka kabla hata mti mmoja haujakauka." Alinionyesha kwa kidole sehemu alizokuwa akichuma uyoga tangu alipoolewa, kuzunguka mikongo na miyombo, na sehemu hizo zilikuwa zilezile ambazo viota vimesongamana. Kuanzia hapo niliacha kutazama juu.

Nilichokikuta chini ya miti

Chini ya mikongo yenye viota vingi, ardhi ilikuwa na ganda la rangi ya majivu linalovunjika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nilipolipindua kwa jembe, harufu ilikuwa ya banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Udongo wa chini yake, ambao kwa asili ni mwekundu na wa kichanga kama ulivyo sehemu kubwa ya nyanda zetu, ulikuwa umegeuka mweusi kwa kina cha vidole vitatu. Mweusi huo ungeweza kumdanganya mtu akadhani ni mboji nzuri.

Nilichukua kamba nikapima miraba ya hatua nne kwa nne katika sehemu tatu: chini ya viota vya miaka mingi, ukingoni mwa eneo la viota, na katikati ya msitu ambako ndege hawajafika. Katika mraba wa katikati nilihesabu miche kumi na mmoja ya mkongo, mikubwa kwa midogo. Ukingoni ilikuwa miwili, yote imekunja majani. Chini ya viota hapakuwa na mche hata mmoja wa mti wowote wa msitu huo. Mahali pake palikuwa na mnavu uliofika kiunoni, mchicha wa porini wenye majani mapana kama viganja, na minyonyo iliyonona. Haya ni magugu ya nyuma ya jikoni na ya mazizi ya zamani, na kila mkulima anajua kwamba yanapostawi namna hiyo yanafuata samadi.

Kuhusu ile mikongo saba, ukweli unanilazimu niitenge. Mmoja ulikuwa umebanduliwa gome kuzunguka shina lote, bila shaka na mtafuta dawa, na mti uliobanduliwa namna hiyo hufa hata kama hakuna ndege aliyeutua. Mwingine ulikuwa umeungua shinani upande wa shamba, moto wa kusafishia mikorosho ulipovuka mpaka. Ilibaki mitano. Yote mitano ilikuwa katika sehemu ya kale zaidi ya viota, na hakuna iliyokuwa na jeraha lingine ninaloweza kulitaja. Nalisema hili kwa sababu mkutanoni ndege walibebeshwa saba zote, na aliyebandua gome alikaa kimya, naamini kwa raha.

Jaribio la mwisho lilikuwa la makopo. Nilijaza kopo moja udongo wa chini ya viota, la pili udongo wa katikati ya msitu, na la tatu nilichanganya sehemu moja ya udongo wa viota na sehemu kumi za udongo mwekundu wa shambani. Kila kopo nilipanda punje kumi za mahindi. Katika kopo la kwanza ziliota tatu, ncha za majani zikaungua kama zilizopitishwa kwenye mshumaa, na kabla ya wiki mbili kwisha zote zilikuwa zimelala. Katika la pili mahindi yaliota yote, lakini membamba na ya rangi ya manjano hafifu. Katika la tatu yalikuwa ya kijani kibichi kinachokaribia weusi, na yaliyapita yote kwa kimo. Nililibeba kopo hilo hadi kwenye mkutano uliofuata, nalo lilimaliza mabishano mengi kuliko maneno yangu.

Kwa nini mbolea ikageuka sumu

Ndege hakojoi kama mnyama. Naitrojeni ya mwili wake huitoa pamoja na kinyesi katika umbo la asidi ya uriki, ile sehemu nyeupe tunayoiona. Asidi hiyo ikiwa safi, theluthi moja ya uzito wake ni naitrojeni; linganisha na mfuko wa yurea, ambao una asilimia 46. Hakuna bwana shamba ambaye hajawahi kumwonya mkulima asirundike yurea kwenye shina la hindi. Yangeyange hufanya hasa hicho tunachokataza: huokota naitrojeni kidogo kidogo, panzi mmoja baada ya mwingine, katika eneo la kilometa nyingi za malisho na majaruba, kisha huja kuirundika yote kwenye mashina machache. Hawaitengenezi mbolea hiyo, wanaihamisha tu.

Asidi ya uriki haiyeyuki kwa urahisi majini, ndiyo maana ganda lile hudumu. Vijidudu vya udongo huivunja hatua kwa hatua hadi kuwa amonia. Katika hatua hiyo udongo hugeuka wa magadi, sehemu ya amonia huruka hewani, na hiyo ndiyo harufu iliyowachoma macho wazikaji. Amonia inayobaki hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na katika mgeuko huo tindikali huachiliwa udongoni. Mvua ikinyesha, naitreti hushuka chini na kuburuta virutubisho vya kalisi, magnesi na potasi. Baada ya misimu kadhaa, udongo uliokuwa wa magadi wiki za mwanzo unakuwa mchachu, na udongo ukichacha sana alumini iliyojificha ndani yake huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi.

Wakulima wa korosho wanaijua habari hii kwa upande mwingine. Salfa wanayoipuliza dhidi ya ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hudondoka chini, bakteria huigeuza kuwa tindikali, na utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba udongo wa chini ya mikorosho huongezeka uchachu kwa sababu hiyo. Udongo wetu wa kichanga una mfinyanzi kidogo na mboji kidogo, hivyo hauna cha kuzuia mabadiliko ya namna hiyo. Mzigo uleule wa kinyesi ungeangukia udongo mzito wa mfinyanzi, miti ingepata muda mrefu zaidi. Na msitu wenyewe uko katikati ya mikorosho. Sidhani kama vumbi la salfa husimama mpakani kwa heshima ya makaburi.

Sasa nirudi kwenye uyoga wa bibi, kwani ndio kiini cha kisa hiki. Mikongo na miyombo ni miongoni mwa miti ambayo mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu. Nyuzi za kuvu huvika ncha za mizizi kama soksi, husambaa mbali udongoni kutafuta fosforasi, naitrojeni na maji, na mti nao hulipa kwa sukari inayotoka kwenye majani. Uyoga tunaouchuma ni tunda la kuvu hizo. Naitrojeni inapomwagwa kwa wingi, mti hauna tena sababu ya kulipa kiasi kilekile, na kuvu nyingi za aina hii hudhoofika. Kinachopotea kwanza ni uyoga, kwa kuwa kuzaa ni gharama. Mti wenyewe unaendelea kusimama na majani yake mabichi, pengine mabichi kuliko kawaida. Aliyekuwa akitazama majani aliona neema, wakati mchumaji wa uyoga alikwishaona hasara.

Mkwaju hauna ushirika wa aina hiyo. Kuvu zake ni za namna nyingine, zisizotoa uyoga. Jambo lililonishughulisha ni kwamba mkwaju wa kwanza kutagiwa, wenye miaka mingi zaidi ya kinyesi, bado umesimama, ingawa umechakaa. Sitaki kujenga nyumba juu ya mti mmoja, lakini inafaa kukumbukwa kwamba ndege hawaui "msitu"; wanaubadilisha kwa kubagua, aina hii ikiumia na ile ikivumilia.

Kisha kuna kiangazi. Mti uliolishwa naitrojeni nyingi huelekeza nguvu kwenye majani kuliko mizizi. Kusini kwetu mvua ni za msimu mmoja, na kuanzia Juni hadi Novemba mti hutegemea maji yaliyo mbali chini. Majaribio ya kuiwekea mikoko mbolea ya naitrojeni, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba mikoko iliyolishwa ndiyo iliyokufa kwa wingi pale ukame na chumvi vilipozidi. Na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1977, watafiti waliofanya kazi Florida nchini Marekani walieleza kwamba mikoko iliyo chini ya mazalio ya ndege ilikua haraka zaidi, lakini majani yake yaliliwa zaidi na wadudu. Mikongo yetu mitano ilikauka yote katika kiangazi, hakuna hata mmoja uliokauka wakati wa mvua.

Kuna pia madhara yasiyo ya kikemia. Dume la yangeyange huleta vijiti na jike huvipanga. Likikosa vya chini huvunja vitawi, na likipata nafasi huiba kwa jirani. Matawi ya juu hubaki na vishikizo vitupu, na majani yaliyosalia hupakwa nyeupe hadi mvua kubwa iyaoshe. Peke yake hili lisingeua mti.

Msitu wetu si wa kwanza kukumbwa. Katika kisiwa cha Chikubu, ndani ya ziwa Biwa nchini Japani, kisiwa chenye hekalu na kinachoheshimiwa kwa ibada, minandi, ndege wa majini wala samaki, walitaga kwa wingi hadi sehemu kubwa ya miti ikakauka. Nchini humohumo, huko Unoyama katika rasi ya Chita, minandi wametaga kwenye kilima cha msitu kwa vizazi vingi bila kuumaliza, na tofauti kubwa ilikuwa kazi ya wanakijiji: walitandaza mchanga chini ya miti, kinyesi kikaangukia mchanga, kisha wakauzoa na kuuza kama mbolea, mpaka mbolea za viwandani zilipoizima biashara hiyo katikati ya karne ya 20. Msitu uliponea mikononi mwa wazoaji.

Kilichoamuliwa

Wazo la madebe na moshi niliwaomba waliweke kando. Ndege waliofukuzwa katikati ya kuatamia huacha mayai, na waliofukuzwa baada ya hapo huacha makinda wafe kwa njaa, kisha kundi huhamia kipande kingine cha msitu kuanza hesabu upya. Isitoshe, yangeyange ni wanyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi kila mwenye debe ruhusa ya kuvunja viota. Wazo la kukata miti iliyokufa nalo lilikuwa na kasoro ambayo kamati haikuiona: miti ile mikavu ingali imebeba viota vingi. Ukiiondoa, ndege wake watahamia mikongo hai iliyo jirani. Mti mkavu uliosimama unatoa huduma ambayo mbao zake haziwezi kuilipa.

Lililobaki ni kuzoa, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Msimamizi wa makaburi alikataa katakata udongo wa makaburini usombwe kwenda kukuzia mchicha, na sikuona haja ya kumbishia. Baada ya mazungumzo marefu, baadhi yake yakiwa na maneno makali ambayo sitayarudia, tulikubaliana mpaka. Ndani ya eneo la makaburi hakutachukuliwa chochote. Nje yake, ambako kuna karibu nusu ya viota, hutandazwa makapi ya mpunga na majani makavu ya mikorosho kabla ndege hawajaanza kutaga. Makinda wakisharuka, tandiko lote huzolewa na kulundikwa mbali, lioze kwa miezi kadhaa. Makapi yana kaboni nyingi, na vijidudu vinavyoyaozesha huikamata naitrojeni badala ya kuiacha ishuke mizizini. Wazoaji hulowesha tandiko kwanza na kufunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la kinyesi kikavu cha ndege linaweza kuwa na ukungu unaodhuru mapafu.

Kuna kisima upande wa chini wa kilima. Naitreti inayoshuka lazima ielekee mahali, na maji yenye zaidi ya miligramu 50 za naitreti kwa lita hayafai kwa watoto wachanga. Nimeshauri maji hayo yapimwe, na hadi yatakapopimwa akina mama wanaokoroga uji wa vichanga wateke kwingine.

Tumeshafanya msimu mmoja wa kutandika na kuzoa. Mkongo mmoja wa nje ya makaburi, uliokuwa umeanza kukauka ncha, umechipua upande mmoja. Miwili mingine haijaonyesha dalili yoyote, nzuri wala mbaya. Mnavu uko palepale. Sikutegemea uondoke, kwa kuwa naitrojeni hupotea kwa mvua na hewa katika miaka michache, lakini fosforasi hushikamana na udongo mwekundu na inaweza kukaa miongo mingi baada ya ndege wa mwisho kuhama. Hata yangeyange wote wakiondoka kesho, sehemu ile itaendelea kuwapendelea mnavu na minyonyo, na mbegu ya mkongo itakayodondoka hapo itaangukia kivuli cha magugu.

Kwa hiyo tumeanza kuotesha miche. Watoto wa shule waliokota mbegu za mkongo katikati ya msitu, zile nyeusi zinazong'aa zenye kofia nyekundu, tukazivua kofia na kuzipanda kwenye viriba. Nusu ya viriba tulivijaza udongo wa kitaluni pekee. Nusu nyingine tulichanganya na konzi ya udongo uliochukuliwa chini ya mikongo yenye afya, nje ya mpaka wa makaburi, ili kuvu zije pamoja nao. Sasa viko barazani kwangu, vimetiwa alama ya uzi mweupe na uzi mweusi.

Wiki iliyopita yule bibi alipita akavikagua kimoja kimoja. Aliinamia kiriba cha uzi mweupe, chenye konzi ya udongo wa msituni, akafukua kidogo kwa ukucha na kunusa. Alisema uyoga hautaota humo leo wala kesho. Kisha akaomba apewe viwili vya uzi huo, akavipande mwenyewe upande wa mashariki wa makaburi, ambako bado hakuna kiota.